Deni la Lubumbashi kwa Mwandishi Kimba

Mwaka 1956 waandishi wa habari weusi katika Kongo ya Wabelgiji walikuwa wachache mno. Watatu kati yao ndio wanaoibeba sura hii. Wa kwanza alikuwa karani wa posta mjini Stanleyville, aliyekuwa akiandikia magazeti ya Leopoldville na kuhariri jarida la chama cha wafanyakazi wa posta: Patrice Lumumba. Wa pili alikuwa sajini wa Force Publique, jeshi la kikoloni, aliyevua sare mwaka huohuo akaingia katika gazeti la L'Avenir, kisha Actualités Africaines: Joseph-Désiré Mobutu. Wa tatu alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, kijana wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwandishi wa gazeti la Essor du Congo: Evariste Kimba. Miaka kumi haikupita kwa amani. Ilipomalizika, wa kwanza alikuwa amekwisha kupigwa risasi porini, karibu na mji wa yule wa tatu, na wa tatu alikuwa amenyongwa mbele ya umati kwa idhini ya yule wa pili.

Ninayemwandikia hapa ni huyo wa tatu. Nataka apewe heshima anayostahili kama mwandishi wa habari na mtumishi wa umma, na nasema hivyo mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Najua kwamba Lubumbashi kuna nyumba ambamo jina la Kimba hutajwa kwa fahari, na kuna nyumba nyingine ambamo likitajwa tu mazungumzo hukatika. Wazee waliokimbilia kambi ya wakimbizi ya Umoja wa Mataifa mwaka 1961 wana sababu zao. Waliompenda Lumumba wana zao, tena nzito. Sitaki kumtetea Kimba kwa kuwaziba hao midomo.

Alizaliwa tarehe 16 Julai 1926 huko Nsaka, katika eneo la Bukama. Bukama ni mahali ambapo reli iliyotoka Elisabethville iliufikia mto Lualaba mwaka 1918, na kuanzia hapo vijiji vya Waluba vya kandokando vikaanza kuishi kwa saa ya garimoshi. Baba alifanya kazi ya reli, na familia ikaifuata reli hadi mjini. Ni safari iliyofanywa na maelfu ya watu wa kizazi kile, kwa maana Lubumbashi yenyewe ni mtoto wa reli na shaba: njia kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, tanuri ya kampuni ya madini ya Union Minière ikawashwa mwaka 1911, na kabla mji haujatimiza miaka ishirini ulikwisha kuwa na watu wa kila upande, kutoka Kasai, Maniema, Rhodesia na Ruanda-Urundi. Walipokosa lugha moja ya nyumbani, wakakutana katika Kiswahili.

Lakini walikutana upande wao. Kati ya mji wa wazungu na makazi ya Waafrika palikuwa na eneo lililoachwa tupu kwa makusudi, na usiku ulipoingia Mwafrika asiye na kibali hakutakiwa kuonekana ng'ambo ya pili. Makazi hayo yaliitwa kwa jina la Mfalme Albert. Leo ni Kamalondo. Mtoto aliyekulia mji ule alijifunza mapema kupima hatua zake.

Kimba alisoma Saint-Boniface, shule ya mapadre Wabenedikto. Mwaka 1939, Kimba akiwa na miaka 13, Wabenedikto wa shule hiyo ndio walioanzisha timu ya mpira ambayo leo ulimwengu unaijua kwa jina la TP Mazembe. Miaka miwili baadaye mji ulipata msiba ambao hakuna mtoto wa makamo yake angeweza kutousikia. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, waliogoma kwa sababu ya mishahara wakati bei za vita zilikuwa zimepanda, walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakawafyatulia risasi. Watu makumi waliuawa, akiwemo Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya wenzake. Idadi kamili ya waliokufa inabishaniwa mpaka sasa. Hesabu ya serikali ni moja, na hesabu ya kumbukumbu za watu ni nyingine, kubwa zaidi.

Naomba tukae kidogo hapo kwenye hesabu hizo mbili. Ndiyo habari ya mji wetu kwa muda mrefu: jambo linatokea mchana, mbele ya maelfu ya macho, halafu karatasi zinasema hivi na watu wanasema vile. Ndivyo ilivyokuwa tena usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanafunzi walipovamiwa na kuuawa, na hadi leo hakuna anayeweza kuitaja idadi bila kupingwa. Mwandishi wa habari anahitajika kwa ajili ya mambo hayo hasa. Kijana wa miaka 15 aliyeona mji wake ukikosa mtu wa kuandika kilichotokea uwanjani, kisha akakua akawa mwandishi wa habari, alikuwa ameingia kazi ambayo mji ulikuwa ukiidai.

Tatizo ni gazeti lililokuwapo. Essor du Congo lilianzishwa mwaka 1928 na Mbelgiji Jean Sepulchre, nalo likawa sauti ya walowezi wa Katanga: wenye biashara, wenye mashamba, watu waliotaka Katanga isiburuzwe na Leopoldville wala Brussels. Waafrika wa mji huo walipata machapisho machache ya kusoma. Mwaka 1934 lilitoka Ngonga, gazeti la wiki kwa ajili ya Waafrika, likafa mapema. Mwaka 1957 Union Minière ilianza kuchapisha Mwana Shaba kwa wafanyakazi wake, na jarida la kampuni huandika yanayoifaa kampuni. Kwa hiyo Mwafrika wa Elisabethville aliyetaka kuishi kwa kuandika katika miaka ya 1950 alikuwa na milango ya kuhesabika, na yote iliwekwa na mtu mwingine. Kimba aliingia katika Essor.

Ni rahisi kumhukumu kwa hilo leo. Mimi naona kwanza kazi yenyewe. Gazeti la kila siku linamfundisha mtu mambo ambayo ofisi nyingine za kikoloni hazikumfundisha Mwafrika: kuuliza maswali, kumsikiliza bwana mkubwa akijibu, kuona namna anavyokwepa, kurudi jioni na ukurasa uliojaa. Karani wa kawaida alinakili barua za wengine. Mwandishi wa habari aliweka jina lake chini ya maneno yake mwenyewe. Katika mji ambao Mwafrika alihitaji kibali ili atembee usiku, hilo lilikuwa jambo kubwa, na Kimba alilifanya kwa miaka hadi akafika ngazi ya mhariri mkuu. Wakati huohuo, mtu anayekula kwa gazeti la walowezi huizoea meza yao na mazungumzo yao. Nadhani yote mawili yalimjenga: uwezo wa kuuliza aliupata hapo, na hapohapo akazoea kutouliza maswali fulani.

Siasa ilimkuta kazini. Desemba 1957 Waafrika wa Elisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua mameya wa komini zao. Walioshinda, wote wanne, walikuwa na asili ya nje ya Katanga: watatu wa Kasai na mmoja wa Maniema. Kwa wenyeji wa Katanga lilikuwa kofi. Mwaka uliofuata Kimba alikuwa miongoni mwa waliounda CONAKAT, muungano wa vyama vya makabila ya Katanga, pamoja na Godefroid Munongo. Baadaye uongozi ukashikwa na Moïse Tshombe. Malalamiko yao hayakuwa ya uongo. Union Minière ilikuwa imeleta watu wa Kasai kwa miaka mingi na kuwapa nafasi nzuri kazini, na mtu wa Bukama au Sakania alijiona mgeni kwake. Lakini chama kilichozaliwa kwa kuhesabu nani mwenyeji na nani mgeni kilibeba sumu ndani yake, na Lubumbashi imeinywa sumu hiyo zaidi ya mara moja, mwaka 1960 na tena mwaka 1992, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga kwa maelfu na kusongamana kwenye vituo vya reli.

Kilichomfanya Kimba awe mtu wa pekee humo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa Mluba wa Katanga. Novemba 1959 Jason Sendwe aliiondoa BALUBAKAT, chama cha Waluba wa Katanga, kutoka CONAKAT, na Waluba wengi wa kaskazini wakamfuata Sendwe. Kimba akabaki. Vita vilipowaka kaskazini, vijiji vilivyochomwa vilikuwa vya watu wa lugha ya mama yake, na katika mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba wakajaa katika kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa pembeni mwa Elisabethville. Yeye alikuwa waziri katika serikali waliyoikimbia. Wapo wanaoita hilo uthabiti. Mimi siwezi kuliita hivyo, na sitalipamba.

Katanga ilitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960. Siku tano baadaye Kimba alitimiza miaka 34, akiwa waziri wa mambo ya nje wa nchi ambayo hakuna taifa hata moja lililoitambua, si wakati ule wala baadaye. Ubelgiji ilituma maofisa, askari na fedha, Union Minière ilitoa kodi, lakini balozi hakuja. Mwandishi wa jana akawa anatakiwa kuieleza dunia kwamba nchi ipo.

Halafu ikaja tarehe 17 Januari 1961. Ndege ilitua uwanja wa Luano ikiwa na Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa na kupigwa. Walipelekwa katika nyumba ya mzungu mmoja iliyo karibu na uwanja, wakapigwa tena, na usiku huohuo wakapigwa risasi porini. Baraza la mawaziri la Katanga lilijua. Mawaziri kadhaa walikwenda kuwaona wafungwa, na baadhi yao walishuhudia mauaji. Karibu mwezi mzima mji ulifichwa ukweli, na tarehe 13 Februari Munongo aliwaambia waandishi wa habari kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji.

Kimba alikuwa katika baraza hilo. Waziri wa mambo ya nje ndiye aliyepaswa kuubeba uongo ule mbele ya mataifa, na huyu alikuwa mtu aliyejifunza kazi ya kutafuta ukweli. Hakuna ujasiri wa baadaye unaofuta jambo hili. Mtu anayetaka kumheshimu Kimba kwa kuiruka Januari 1961 anamfanyia yeye na Lumumba jambo lilelile lililofanywa mwaka ule: anaficha miili.

Baada ya hapo, kwa muda wa miaka miwili, Kimba alionekana zaidi kwenye meza za mazungumzo kuliko kwenye majukwaa ya vita. Katika mkutano wa Coquilhatville, Aprili 1961, serikali kuu iliwakamata Tshombe na yeye, ikawashikilia hadi Juni. Septemba mwaka huo Conor Cruise O'Brien, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa mjini, alikuwa na hati za kuwakamata viongozi wa Katanga, na jina la Kimba lilikuwamo pamoja na Tshombe, Munongo na waziri Kibwe. Alfajiri ya tarehe 13 Septemba askari wa Kihindi wa Umoja wa Mataifa waliishambulia Posta Kuu na jengo la redio, na watu wakapigana chumba kwa chumba katikati ya mji. Siku tano baadaye Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, aliyekuwa safarini kwenda kuonana na Tshombe, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola. Mapigano yalirudi Desemba, yakarudi tena mwisho wa mwaka 1962, na katikati ya Januari 1963 Tshombe akatangaza kwamba kujitenga kwa Katanga kumekwisha.

Tshombe akaenda uhamishoni. Kimba akabaki nyumbani. Alikosana na mkuu wake wa zamani, akashika wizara katika serikali ya jimbo jipya la kusini mwa Katanga, kazi zisizo na picha wala bendera. Wanaoandika historia huipita miaka hiyo kwa mstari mmoja, nami sina la kuwazidi, ila nasema hivi: mwanasiasa aliyepoteza nchi yake ya ndoto akakubali kukaa kwenye ofisi ya jimbo na kuhangaikia mambo ya kawaida ya watu, huyo ameanza kuwa mtumishi wa umma.

Mwaka 1965 ndio unaonifanya niandike sura hii. Tshombe alikuwa amerudi na kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, na muungano wake ulikuwa umeshinda uchaguzi. Tarehe 13 Oktoba Rais Joseph Kasa-Vubu alimwondoa, na siku hiyohiyo akamteua Evariste Kimba aunde serikali ya kuwakusanya watu wa pande mbalimbali. Tazama mtu huyo alikuwa anakubali nini. Alikuwa anachukua kiti cha rafiki yake wa zamani, mbele ya bunge lililokuwa na wabunge wengi wa rafiki huyo, katika nchi aliyowahi kujaribu kuigawa, huku kamanda wa jeshi akitazama. Hakuwa na jeshi. Hakuwa na chama kikubwa. Alichokuwa nacho ni uzoefu wa kukaa mezani na adui.

Wiki chache za serikali yake zilikuwa na mwelekeo. Kongo ya Tshombe ilikuwa imenuniwa na Afrika kwa sababu ya mamluki wa kizungu waliotumika kuwapiga waasi wa mashariki. Mwezi huo wa Oktoba, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Accra, Kasa-Vubu aliahidi kuwarudisha mamluki makwao. Waziri mkuu wake alikuwa mtu wa Katanga, serikali ambayo ndiyo iliyowafungulia mamluki mlango wa Kongo. Sijui badiliko kubwa kuliko hilo katika maisha ya mwanasiasa yeyote wa kizazi chake. Jeshi lilichukizwa na ahadi ile.

Tarehe 14 Novemba bunge lilimnyima Kimba kura ya imani. Kasa-Vubu akamteua tena, naye akakubali tena. Hapo wengine wangeomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Novemba majenerali walikutana, na asubuhi Mobutu alikuwa rais.

Miezi sita ikapita. Jumapili ya Pentekoste, tarehe 29 Mei 1966, usiku wake ulikuwa wa kukamatwa watu. Kimba alikamatwa pamoja na mawaziri watatu wa zamani: Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Walishitakiwa kupanga mapinduzi. Walijibu kwamba maofisa wa jeshi wenyewe ndio waliowaita na kuwaletea mpango, na wanahistoria wengi wamekubali kwamba ulikuwa mtego. Mahakama maalumu ya kijeshi ilikaa tarehe 31 Mei mbele ya umati. Hawakuwa na wakili. Kesi ilimalizika kwa muda mfupi, majaji wakashauriana dakika chache, wakarudi na hukumu ya kifo kwa wote wanne. Maombi ya huruma yalitoka nje ya nchi, hayakusikilizwa. Alhamisi tarehe 2 Juni walinyongwa mahali pa wazi mjini Leopoldville, mbele ya maelfu ya watu walioletwa na walioitwa waone. Kimba alikuwa amebakiza wiki sita atimize miaka 40.

Mobutu alijua kazi ya habari. Alijua kwamba picha moja ya mti wa kunyongea, ikichapishwa, inaongea katika kila mji. Yeye, mwanajeshi na mwandishi wa habari wa zamani, alitumia ufundi wa kazi zote mbili siku ile: nguvu ya mmoja na jicho la mwingine. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu kazi ya habari ni kazi yangu pia, na mtu mwenye kipaji cha kuona kinachowagusa watu ndiye aliyekitumia kuwafunga midomo kwa miaka 32.

Kisha angalia tarehe inayofuata. Tarehe 30 Juni 1966, wiki nne baada ya kamba, Mobutu huyohuyo alisimama mbele ya taifa akamtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Lumumba, ambaye Mobutu mwenyewe alimkamata na kuruhusu apelekwe kwa maadui zake. Wakati huohuo miji ikapewa majina mapya: Leopoldville ikawa Kinshasa, Elisabethville ikawa Lubumbashi. Kimba hakuwahi kuishi hata siku moja katika mji unaoitwa Lubumbashi.

Kongo imeendelea hivyo. Mwaka 1997 Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa, na uwanja mkubwa wa mpira uliokuwa ukiitwa Kamanyola, jina la vita ambavyo Mobutu alijivunia, ukabadilishwa ukawa Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste. Katika ujana wake Kabila alikuwa wa BALUBAKAT, upande wa Sendwe, dhidi ya serikali aliyoitumikia Kimba. Alihitaji mashahidi wa udhalimu wa Mobutu, na Kimba akafaa. Katika mji wetu Tshombe amesimamishiwa sanamu katika uwanja wa Posta, palepale ambapo askari walipigania jengo mwaka 1961. Juni 2022 jino la Lumumba, mabaki pekee ya mwili wake, lilirudishwa kutoka Ubelgiji na kupitishwa Shilatembo, mahali alipouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Kila utawala umemchagua maiti wake na kumvika kilemba kinacholingana na shida zake za wakati huo. Anayeingia uwanjani Kinshasa kuitazama Mazembe ikicheza anakaa chini ya jina linalomhusu kijana wa Saint-Boniface, wala hakuna anayemweleza.

Ndiyo maana nadhani heshima ya Kimba haifai kusubiri serikali. Serikali ikiitoa itakata nusu, kama kawaida. Itaacha Januari 1961 au itaacha Oktoba 1965, ikitegemea nani yuko Ikulu. Inafaa itolewe na watu wa kazi yake na mji wake, kwa njia ya kazi yake.

Ninayo mambo mawili ya kuomba. La kwanza ni maandishi yake. Essor lilikuwa gazeti la kila siku na magazeti ya namna hiyo huhifadhiwa. Maktaba za Ubelgiji zina magazeti ya koloni. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha uandishi wa habari kwa vijana ambao wengi wao wamezaliwa Katuba, Kenya na Ruashi. Wapewe makala za Kimba wazisome kwa ukali: aliuliza nini, hakuuliza nini, alimnukuu nani, nani hakunukuliwa. Mwandishi wa habari hawezi kupewa heshima kubwa kuliko kusomwa na wenzake wanaojua kazi. Wengi wa vijana hao wataingia katika kazi inayoua. Bukavu iliwazika Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, wote wa Radio Okapi. Wanapaswa kujua kwamba walitanguliwa na watu wa namna nyingi, wenye nguvu na wenye udhaifu.

La pili ni kibao, pale Posta, karibu na sanamu ya Tshombe, kimeandikwa kwa Kiswahili ili mama anayeuza vocha za simu hapo aweze kukisoma bila mkalimani. Ningekiandika hivi:

Evariste Kimba, 1926 hadi 1966. Mtoto wa reli. Mwandishi, kisha mhariri mkuu wa Essor. Alikuwa waziri katika serikali ya Katanga iliyowaua Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito na kuuficha ukweli huo. Alikuwa waziri katika serikali iliyokimbiwa na makumi ya maelfu ya watu wa mji huu. Mwaka 1965 alikubali kuiongoza Kongo nzima, bila jeshi na bila bunge, akanyimwa imani, akakubali tena. Alinyongwa baada ya kesi isiyo na wakili, kwa idhini ya mtu aliyewahi kuwa mwandishi wa habari kama yeye.

Wapo watakaosema kibao cha namna hiyo ni tusi kwa marehemu, na wengine watasema ni tusi kwa Lumumba kuweka majina yao kwenye jiwe moja. Nimewasikia wote wawili katika mazungumzo ya mji huu, tena watu wema. Kwa wa kwanza nasema kwamba Kimba alilipwa mshahara wake wa kwanza wa heshima kwa kuandika yaliyotokea, na hatumshushi kwa kumwandikia vilevile. Kwa wa pili nasema kwamba majina yao yamekuwa pamoja tangu usiku ule wa Januari, na kuyatenganisha kwenye jiwe hakutaubadilisha usiku huo. Gharama ya kibao ni ndogo, na kibali kinatoka ofisi ya meya.